Noti Ambayo Haijatembea

Baba alikuwa na neno lake la kupimia fedha, nalo lilikuwa kutembea. Sarafu iliyosuguka mpaka mfalme wake hana pua, hiyo imetembea sana. Ile ambayo pua bado ipo ila nywele zimefifia, imetembea kidogo. Na noti ambayo haikuwahi kukunjwa, haikuingia mfukoni mwa mtu, haikushikwa na muuza nyama wala kufichwa ndani ya soksi, hiyo haijatembea. Neno hili la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto aliyelala.

Alikuwa nayo moja tu ya namna hiyo, na habari zake ndizo ninazoandika hapa, kabla na mimi sijaanza kusahau.

Watu wengi walimjua Baba kama karani wa tiketi pale stesheni ya reli, yule wa kidirisha cha mwisho, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hawakujua kwamba alipouliza "Wapi?" huku ameinamisha kichwa, alikuwa anasikiliza. Abiria alimimina sarafu zake juu ya mbao, na Baba alizisikia kabla hajaziangalia. Ya zamani, yenye madini mazuri, ilianguka kwa sauti ndefu kidogo kuliko wenzake. Hapo alimwita karani wa kidirisha cha jirani.

"Shuhudia," alimwambia. "Natoa hii, natia yangu ya thamani ileile."

"Nashuhudia," mwenzake alijibu bila kugeuka. "Nashuhudia mtu mzima akinunua hela kwa hela."

Nyumbani sarafu zilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila moja imefungwa kwenye kikaratasi chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuzisugua. Mama aliwahi kuisugua moja kwa majivu na limao, akidhani anamfurahisha. Ilimetameta kama kijiko kipya. Baba hakugomba. Aliirudisha kwenye kikaratasi chake, akachukua kalamu, akaandika juu yake: marehemu. Noti nazo zilikaa kwenye albamu, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na albamu ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Noti ambayo haijatembea ilikuwa ya ishirini, ya rangi ya buluu, upande mmoja picha ya daraja na upande wa pili ndege mwenye shingo ndefu. Aliipata kwenye mshahara wake wa kwanza. Noti zile zilitolewa muda mfupi tu kabla ya serikali kubadilisha fedha, na karibu zote zilirudishwa benki zikachomwa. Baba alifungua bahasha ya mshahara, akatoa kodi ya chumba, akatoa ya chakula, akabaki na ishirini moja mpya kabisa, ambayo Mama alishaipangia sufuria. Sufuria haikununuliwa. Miaka yote ya ndoa yao Mama aliiita noti ile sufuria yangu. Wageni wakija, na Baba akiinama kuvuta sanduku, Mama aliwaambia, "Kaeni vizuri, sasa mtaonyeshwa sufuria yangu." Siku nyingine alisema, "Wenzangu wanalia waume zao wanatembea. Wangu mimi hata noti yake haitembei." Baba alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Mama alitangulia. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, ni dereva wa lori la masafa marefu, na familia yake iko mji mwingine. Tulibaki mimi na Baba. Nilikuwa nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, cherehani nimeisogeza karibu na mlango ili nipate mwanga. Mimi nilizaliwa Kaka ameshaanza kunyoa ndevu, wakati hakuna aliyekuwa akitarajia mtoto mwingine katika nyumba ile. Wanasema mkunga alipotoka chumbani kumpa Baba habari, Baba alisema, "Nilidhani hesabu imefungwa, kumbe kuna chenji."

Basi nikawa Chenji. Jina langu lingine lilikuwa la shuleni, na lipo kwenye kitambulisho. Nyumbani sikuwahi kuitwa kitu kingine.

Siku tuliyotoka kwa daktari, Baba alikwenda mbele yangu njia nzima. Daktari alikuwa ameeleza vizuri, kwa upole, kwamba ugonjwa huu wa kusahau unapunguzwa mwendo lakini haurudishwi nyuma. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake, akavuta sanduku la bati, akalifunga kwa kufuli, akaniita.

"Chenji, nisikilize wakati bado najua ninachosema. Makopo siyajali sana. Zile zimetembea, zikitembea tena hazitaumia. Lakini ile ishirini isitoke. Ipo siku nitakuomba. Nitakuomba na nitakuwa na sababu nzuri kabisa. Usinipe."

"Sawa, Baba."

"Hata nikikufokea."

"Sawa."

"Hata nikilia."

"Baba, wewe hulii. Hata Mama hukumlilia mbele za watu."

"Ndiyo maana nakuambia mapema. Ukiniona nalia, ujue si mimi. Usimpe huyo mtu."

Akanipa ufunguo. Niliufunga kwenye uzi mgumu wa kushonea mabegi, nikauvaa shingoni. Nilimwahidi kwa moyo mweupe. Ilionekana ahadi nyepesi, kumnyima mtu kitu ambacho hajawahi kukitumia maisha yake yote.

Mambo yalianza na mkate. Asubuhi moja Baba alirudi kutoka dukani na mkate kwapani, amechangamka, na nyuma yake akaja mwenye duka mwenyewe. Mtaa mzima tulimwita Kesho, kwa sababu ya kibao alichokitundika juu ya mizani: leo taslimu, mkopo kesho.

"Dada, samahani nakusumbua na kazi zako," alisema, akafungua kiganja. Ndani yake ilikuwamo sarafu ya tundu, nyeusi, ya zamani sana. "Mzee kanilipa hii."

"Baba?"

Baba alishafika mezani, anatafuta kisu.

"Nikamwambia, mzee wangu, hii haiendi," Kesho aliendelea. "Unajua kanijibu nini? 'Inakwenda sana, ila ilikwenda wewe hujazaliwa.'"

Nilicheka. Kesho naye alicheka. Kisha tukamwangalia Baba akikata mkate kwa uangalifu, kila kipande sawa na mwenzake, na kicheko kikatuishia. Sarafu ile aliitoa kwenye droo ya stesheni kwa hela yake mwenyewe, na shahidi juu. Sasa alikuwa ameirudisha barabarani kwa mkate.

Nilimlipa Kesho, nikachukua sarafu. "Akija tena mpokee," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Usimbishie. Nitapita mimi nilipe, nawe unirudishie."

"Yaani mimi, Kesho, leo nimekuwa benki," alisema. Lakini alikubali, na alifanya hivyo bila kuchoka.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Baba alikwenda dukani asubuhi na sarafu moja kutoka kwenye makopo. Mchana nilipokwenda kununua uzi nilipitia kwa Kesho, nikaikomboa, nikairudisha. Sarafu zilizolala tangu sijazaliwa sasa zilikuwa na safari kila siku. Mara nyingine Baba alifungua kopo, akaikuta ileile aliyoitumia jana, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Aisee! Hii nilikuwa naitafuta miaka," alisema. "Umeipata wapi?"

"Imekuja yenyewe, Baba."

"Haziji zenyewe. Kuna mtu mzuri kaileta."

Nitasema ukweli, zilikuwa siku nzuri kuliko nilivyotegemea. Ila si zote zilirudi. Nyingine alimpa muuza maji, ambaye hatukumwona tena. Nyingine alimlipa fundi viatu, naye aliposikia ni kitu cha zamani akasema ameipoteza. Makopo yakaanza kuwa mepesi, na mimi niliyasikia wepesi wake kila nilipoyainua kufagia.

Kaka aliposimamisha lori mbele ya nyumba, kitu cha kwanza alichokifanya baada ya kumwamkia Baba kilikuwa kuinua kopo moja na kulitikisa karibu na sikio.

"Hili lilikuwa limejaa."

"Najua."

"Zimekwenda wapi?"

"Zimetembea," nikasema.

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu cha kushonea, mikono yake mikubwa juu ya magoti. "Chenji, huyu mzee ametumia umri wake wote kukusanya. Wewe unamsaidia kumwaga. Mpe hela za kawaida, atajua wapi tofauti?"

Yeye naye alikuwa na haki. Nilikuwa nampenda Baba wa leo, anayekwenda dukani amechangamka. Kaka alikuwa anamtetea Baba wa jana. Hakukuwa na mtu wa kutuamulia, maana wa kutuamulia alikuwa pale dirishani akiuliza kama treni ya saa sita imeshatoka.

Tukakubaliana Kaka achukue makopo na albamu, akayafungie kwenye kabati lake nyumbani kwake. Nilifungua sanduku. Kabla hajafunga albamu nilivuta mfuko wa plastiki wenye noti ya buluu.

"Hii Baba alinikabidhi mimi."

Kaka aliitazama sana. Alikuwapo siku nyingi zaidi yangu za ile "sufuria yangu" ya Mama. "Basi itunze," alisema. "Ikipotea hii, sijui tutakuwa tumebaki na nini cha huyu mzee."

Niliirudisha peke yake ndani ya sanduku kubwa tupu, nikafunga. Nje, Baba alisimama mlangoni akiangalia makopo yakipandishwa kwenye lori.

"Mzigo huo unakwenda wapi?"

"Kwangu, Baba," Kaka alisema.

"Una tiketi yake?"

Kaka alianza kucheka, kisha akageuka, akachukua kitambaa anachofutia vioo vya lori, akajifuta uso nacho.

Baada ya hapo Baba hakwenda dukani tena. Alikuwa anafika mlangoni, anapapasa mifuko, anarudi. Nilimtilia hela za kawaida mfukoni kama Kaka alivyosema. Alizitoa, akaziangusha moja moja juu ya meza, akasikiliza kila moja inavyoanguka.

"Bati," alisema. "Nani amekupa hizi, binti? Umeibiwa."

Sijui ni wiki gani hasa meza yetu iligeuka kuwa mgahawa wa stesheni. Najua tu kwamba siku moja niliweka sahani mbele yake, naye akainua macho, akasema kwa adabu, "Mama, hii bei gani?"

"Bure, Baba. Kula."

"Bure?" Alisogeza sahani. "Mimi si ombaomba. Nina kazi yangu."

Nilijaribu kumwambia mimi ni nani. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia abiria aliyekosea treni, na hakula. Nilijaribu kumwambia atalipa mwisho wa mwezi. "Sijawahi kula kwa mkopo," alisema, na hilo lilikuwa kweli. Nilikwenda jikoni nikasimama tu, nimeshika mwiko.

Vifungo aliviona mwenyewe. Nilikuwa na kopo la vifungo karibu na cherehani, na ndani yake vilikuwamo vile vya shaba vya makoti ya shule, vizito, vyenye nembo. Alichukua kimoja, akakiangusha mezani. Kikalia vizuri. Akakisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, kama alivyosukuma tiketi chini ya kidirisha.

"Toa hapo," alisema.

Nilikipokea, nikamrudishia kidogo cheupe cha shati. Alikikagua, akaridhika, akala mpaka sahani ikabaki safi. Kuanzia siku hiyo vifungo ndivyo vilivyokuwa fedha halali ya nyumba yetu. Jioni nilivirudisha kwenye kopo, asubuhi alivichukua. Makoti ya shule moja yalichelewa kwa ajili hiyo, na mwalimu mkuu alinifokea kwenye simu kwamba watoto wanakwenda kifua wazi. Nilimwambia vifungo viko kwenye mzunguko. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Nilidhani tumepata njia. Nilisahau kitu kimoja: ugonjwa ulimchukulia majina, nyuso na siku, lakini jicho lake la kuchungua fedha haukuligusa.

Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kwenye meza. Aliinua kifungo kile kikubwa cha shaba, akakigeuza. Kidole gumba chake kikagusa kile kitundu cha nyuma cha kupitishia uzi. Akakipapasa. Akakipapasa tena.

"Hiki ni kifungo," alisema.

Nilimsogezea sahani.

Alimimina vyote alivyokuwa navyo mfukoni, akavitandaza, akavipitia kimoja kimoja. Uso wake ulibadilika. Nilidhani atanifokea kwamba nimemdanganya. Haikuwa hivyo.

"Mama, nisamehe," alisema. "Siku zote hizi nimekuwa nakulipa kwa vifungo. Wewe unapika, unanipakulia, mimi nakupa vifungo. Kwa nini hukuniambia?"

"Hakuna ubaya, mzee wangu. Vinanifaa. Mimi nashona."

"Usinifunike. Nimekula cha watu."

Alisogeza sahani hadi ukingoni mwa meza. Siku ile hakula, na iliyofuata hakula. Maji alikunywa, kwa sababu maji, alisema, stesheni huwa ni ya wote. Nilimpigia Kaka. Alikuwa mpakani, kwenye foleni ya malori, na funguo za kabati alikuwa nazo yeye.

"Ijumaa nitakuwa nyumbani," alisema, nikisikia honi nyuma yake. "Nitakutumia kopo zima kwa basi. Mvumilishe, Chenji. Mbembeleze."

Ijumaa ilikuwa mbali. Mikono ya Baba ilishaanza kutetemeka akishika bilauri. Nilimwita Kesho, nikidhani labda ataipokea sura nyingine. Alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akaketi mbele yake.

"Mzee wangu, unajua kibao changu kinasemaje?"

"Leo taslimu, mkopo kesho," Baba alisema. Hilo alilikumbuka.

"Basi kwa ajili yako, leo ndiyo kesho. Mkopo upo. Kunywa."

Baba alimsogezea chupa. "Wewe ni mtu mwema," alisema. "Lakini sichukui."

Kesho alitoka nje bila kuaga, na chupa yake akaisahau.

Ndipo Baba alipoanza kupapasa mifuko. Suruali, shati, koti. Akasimama, akatafuta chini ya mto wa kiti, nyuma ya saa ya ukutani, ndani ya viatu vyake. "Ninayo moja," alikuwa anasema. "Ninayo fedha, moja nzuri, najua ninayo. Sijui nimeiweka wapi. Mama, naomba unisubiri kidogo tu, ninayo." Akarudi kukaa. Akavua miwani, akaiweka mezani, na machozi yakaanza kushuka kwenye mashavu yake yaliyoingia ndani. Hakuyafuta. Sidhani kama alijua ni nini.

Ukiniona nalia, ujue si mimi. Usimpe huyo mtu.

Nilimtazama vizuri, nikimtafuta huyo mtu mwingine wa kunyimwa. Niliona mikono ya Baba. Niliona miwani ya Baba, na uzi niliomfungia mimi mwenyewe. Niliona kola ya shati niliyoigeuza baada ya kuchakaa upande mmoja. Huyo mtu mwingine sikumwona.

Nilikwenda chumbani, nikavuta sanduku, nikavua uzi shingoni. Kufuli lilikuwa limeingia kutu kidogo, likanisumbua, na kwa muda mfupi nilitamani likatae. Lilifunguka. Niliichukua noti ndani ya mfuko wake, nikaiweka mezani mbele yake.

"Umeiangusha hii, mzee."

Alivaa miwani. Aliitoa kwenye plastiki polepole, ameishika kwa ncha za vidole, kwenye kingo tu, kama alivyotufundisha watoto na hatukuruhusiwa kujaribu. Akaiinua kwenye jua. Daraja likaonekana, na ndege kwa nyuma yake kama amesimama majini chini ya daraja. Mikono yake ikaacha kutetemeka.

"Hii haijatembea," alisema kwa ile sauti ya chini.

Nilidhani atakumbuka. Nilidhani atanirudishia, aseme, Chenji, nilikuambia usinipe. Nilikuwa tayari anigombeze siku nzima.

Akaikunja. Katikati, ncha kwa ncha, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauchukua mkono wangu, akaiweka kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake, kama watu wanavyompa mtu heshima yake bila wengine kuona.

"Pokea, mama. Ya chakula chote ulichonipa. Na cha vile vifungo."

Nilisema kile ambacho muuzaji yeyote angesema, kwa sababu sikuwa na lingine la kusema.

"Hii kubwa, mzee. Sina chenji."

Nililisikia neno lenyewe baada ya kulisema. Naye alilisikia. Uso wake wote ukafunguka, kama siku za wageni.

"Chenji?" alisema. "Usihangaike, mama. Chenji ninayo nyumbani. Binti yangu. Anashona, mkono wake mzuri sana. Nikimaliza kula atakuja kunichukua."

Akavuta sahani karibu, akala. Alikula taratibu, mpaka akamaliza. Akanishukuru. Kisha akageuza kiti kuelekea mlango wa mbele, akaweka mikono juu ya magoti, akasubiri.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Nilivua kanga niliyojifunga kiunoni, nikanawa uso kwenye pipa, nikazunguka nyumba. Nikabisha hodi mlango wa mbele.

"Baba, ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

Aliinamisha kichwa kidogo, upande wa sikio.

"Wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

Alifikiri. "Kaa hapo kwanza," alisema kwa upole. "Namsubiri binti yangu. Akifika tutakwenda wote."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, kando yake. Tukamsubiri.

Kopo lilikuja na basi Ijumaa, na Baba alilipa chakula chake kwa sarafu zake muda uliobaki. Haukuwa mrefu. Alifariki mvua zilipoanza, mchana, amekaa kwenye kiti kilekile.

Baada ya mazishi, wageni walipopungua, Kaka alivuta sanduku la bati mwenyewe. Lilikuwa tupu. Alinitazama. Nilikwenda kwenye kopo la vifungo, nikaitoa noti chini kabisa, nikampa. Aliifungua, akauona mkunjo katikati ya daraja, mweupe, rangi imebanduka. Akaishusha juu ya magoti.

"Nani kaikunja?"

"Mwenyewe."

Nilimweleza yote, kuanzia kifungo hadi ile chenji iliyokuwa nyumbani. Alisikiliza ameinama. Hakuniuliza kuhusu ahadi, maana hakuijua, lakini nilipofika sehemu hiyo nilimwambia. Alipitisha kidole juu ya mkunjo mara mbili.

"Una pasi," alisema. "Tia kitambaa juu, moto mdogo. Wewe si ndiyo kazi yako? Labda utatoka."

Pasi ilikuwa juu ya meza ya kukatia, bado ina joto, maana wateja hawangojei msiba. Nimenyoosha maelfu ya mikunjo maishani mwangu. Niliichukua noti mikononi mwake, nikaikunja palepale Baba alipoikunja.

"Basi imetembea," Kaka alisema.

"Kidogo," nikamjibu.